Sahani Huondolewa Upande wa Kulia

Mdogo wangu alikuwa na tabia moja ambayo watu waliizungumza sana siku ya mazishi yake. Popote alipokula, hata alipokuwa mkubwa wa ofisi mwenye dereva, watu wakimaliza kula yeye alinyoosha mkono akakusanya sahani za wenzake. Alizipanga moja juu ya nyingine, mifupa kwenye ile ya juu, akanyanyuka nazo kabla mwenye nyumba hajapata nafasi ya kumzuia. Bwana mmoja aliyetoka Dar es Salaam alisimama kando ya kaburi akasema huo ulikuwa unyenyekevu wa mtu aliyezaliwa kukaa na wakubwa bila kujivuna. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa kwenye mkeka pamoja na wanawake, nikatazama mikono yangu.

Haikuwa hivyo. Sisemi hakuwa mnyenyekevu. Nasema tabia ile najua ilianzia wapi, na kati ya wanaojua nimebaki peke yangu. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Kijiji chetu kiko juu ya Lushoto, upande wa Gare. Wakati huo wa Mwingereza, baba yetu alikuwa boi wa mezani katika hoteli ya Wazungu. Wazungu walipanda kutoka Tanga na Dar es Salaam kukimbia joto, wakakaa kwetu wiki mbili tatu, wakapanda farasi na kunywa chai nje kwenye majani. Baba aliandika meza, akawahudumia, akaiandua. Alivaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na kofia nyekundu, na hiyo kanzu niliifua mimi. Alilala huko huko kwenye vyumba vya watumishi, akaja nyumbani Jumapili baada ya chakula cha mchana cha wageni. Wengi pale kijijini walilima tu. Sisi tulilima, na tulikuwa na baba aliyenuka sabuni ya Wazungu.

Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Nilikuwa mkubwa, na mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kushika kalamu. Hakuna aliyenifukuza shule. Jumatatu moja nilibaki kupika, na Jumanne pia, na hivyo ndivyo ilivyokwisha. Yeye alibaki darasani, mimi nikabaki jikoni. Naliandika hili mapema kwa sababu huko mbele litahitajika.

Alikuwa na akili, si ya kujionyesha. Akitumwa chumvi kwa jirani, alirudi na chumvi, na alikuwa ameshahesabu hatua za kwenda na za kurudi na kuona kwamba za kupanda ni nyingi zaidi. Alitoka shule ya misheni akaenda ya serikali, akafaulu kila mtihani, mpaka ikaja barua kwamba amepata nafasi katika chuo kikuu kule Uganda. Kilikuwa ndicho chuo kikubwa kuliko vyote upande huu wa Afrika. Kwetu mlimani hakuna aliyewahi kukifikia isipokuwa mtoto mmoja wa ukoo wa watawala. Baba aliishika barua kwa ncha za vidole, kama anavyoshika glasi, ili asiiachie alama.

Jumapili iliyofuata alikuja na mpango. Alipindua sanduku la matunda ya plamu pale uani, akalifunika kwa kanga yangu. Alikuwa amechonga uma mbili, visu viwili na kijiko kwa mti wa mkaratusi. Sahani zilikuwa mbili za bati, moja yenye tobo.

"Kaa," alimwambia mdogo wangu. "Huko unakokwenda wanakula mezani kila siku. Hutakwenda kuniaibisha."

Akasimama nyuma yake, na somo likaanza. Uma kushoto. Kisu kulia, makali yakitazama sahani. Kisu cha samaki si kisu cha nyama. Chakula huletwa upande wa kushoto. Mtu akipumzika tu, uma na kisu huachana. Akimaliza, huviweka pamoja, sambamba, na hapo sahani yake huondolewa upande wa kulia, bila kumgusa na bila kugonganisha vyombo.

"Rudia."

"Akiviweka pamoja, amemaliza. Sahani huondolewa upande wa kulia."

"Bila?"

"Bila kugonganisha."

Mimi nilikuwa nikichambua maharage pembeni, nikicheka. Baba aliponiona nacheka akaniita nikae kwenye kiti cha pili niwe mgeni, akaanza kutuhudumia viazi vya kuchemsha kana kwamba sisi ni nani sijui. Tulirudia hivyo Jumapili nne. Mwisho wake mdogo wangu alijua meza kuliko Wazungu wengine. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa lililokuwa katika somo lile. Baba hakuwahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo maisha yake yote. Alifundisha alichokijua, na alichokijua ni kusimama.

Tulimsindikiza mpaka Mombo kupanda treni. Baada ya miezi ikaja picha: amevaa joho refu, na kwa nyuma ameandika kwamba ni jekundu. Baba aliiweka ndani ya kofia yake ya kazi, kwenye kitambaa cha ndani, akahudumia nayo kichwani. Wageni hawakujua.

Aliporudi likizo ndefu ulikuwa msimu wa plamu. Alikuwa amekonda. Alimwamkia kila mkubwa aliyekutana naye njiani, akashika jembe siku ya pili yake, akalima kuanzia asubuhi hadi jua kali bila kusema neno. Watu walimsifu. Walisema chuo hakijamharibu. Mimi niliona kwamba mtu anayelima namna ile anajificha.

Wakati huo nilikuwa nikipeleka matunda na mboga kwenye jiko la hoteli mara mbili kwa wiki. Siku moja akanisindikiza, kapu moja la plamu kichwani kwangu na moja kwake, ingawa wanaume kwetu hawabebi kichwani na wasichana waliokuwa mtoni walimpigia vigelegele vya mzaha. "Bibi harusi huyo anapita!" Tulipofika kwenye kona yenye jiwe kubwa ambapo watu hupumzika, akatua kapu.

"Dada, mimi sirudi."

"Hurudi wapi?"

"Chuoni. Nataka umwambie tate. Mimi siwezi kumwambia." Nyumbani tulimwita baba tate, kwa Kishambaa.

Nikamuuliza amefanya nini. Akasema hajafanya kitu, au amefanya kitu kimoja tu. Siku ya kwanza ya chakula cha jioni walikaa ukumbini kwenye meza ndefu, wote na majoho. Kulia kwake alikaa kijana ambaye baba yake ni chifu, na kushoto kijana wa mwalimu mkubwa wa huko huko mjini. Wengi wao walikuwa wameishi kwenye mabweni ya shule kubwa tangu utotoni, na walizungumza Kiingereza hata usingizini. Yeye alikula vizuri, hakukosea uma wala kisu. Kisha yule kijana wa mwalimu akaviweka vyombo vyake pamoja, sambamba.

"Mkono ukaenda wenyewe, dada. Sikufikiri. Nilinyanyuka, nikapita nyuma yake, nikaondoa sahani yake upande wa kulia. Sikugonganisha. Nikajikuta nimesimama katikati ya ukumbi, joho mwilini na sahani ya mtu mkononi."

"Wakafanya nini?"

"Kwanza wakageuka kunitazama. Halafu yule mwana wa chifu akasema, 'Boi, na maji pia.' Wakacheka meza nzima. Tangu siku hiyo ndilo jina langu. Boi, chumvi. Boi, fungua dirisha. Hawanipigi, hawanitukani. Wanacheka tu, kama ninyi mnavyomcheka mtu aliyeanguka kwenye tope."

Akaendelea, na hili lilikuwa zito zaidi kwake. Wahudumu wa ukumbi ule walikuwa watu wazima, wengine wenye mvi. Mzee wa rika la baba alipomletea supu, yeye alisimama akamwamkia. Mzee yule akainama akamnong'oneza: "Usiniamkie hapa, mwanangu. Utaniponza." Basi ikawa kila siku anakaa, mzee anasimama, naye anameza chakula bila kuinua macho. Alipoulizwa na mwalimu darasani hakujibu, na walimu wakaandika kwamba hana la kusema.

"Kila nikikaa pale namwona tate amesimama nyuma yangu," alisema. "Nitapata kazi ya ukarani bomani. Au nitafundisha misheni. Utamwambia?"

Nikasema nitamwambia.

Sasa nitaandika jambo ambalo sikumwambia yeye mpaka anazikwa. Nilipobeba kapu langu tena, lilikuwa jepesi. Nilifurahi. Si kwa sababu atakuwa karibu nami, ingawa hiyo ningeweza kuisema na watu wangeniamini. Nilifurahi kwa sababu mlango uliofungwa kwangu nikiwa darasa la nne ulikuwa sasa umefungwa kwake pia, na tutakuwa sawa. Nilitembea kilomita nzima na furaha hiyo na sikuiona mbaya.

Tulipofika jikoni, mpishi alikuwa mlangoni akitupa maji. Alikuwa Mzigua wa bondeni, mtani wetu, mtu mnene asiyeweza kumwona Mshambaa bila kusema kitu.

"Haya, wamekuja watu wa kulima ukutani," alisema. "Nasikia juzi mmoja wenu kateleza shambani kwake, kaokotwa shamba la jirani. Mavuno kayaacha kwa nani?"

"Kamwachia Mzigua, maana ninyi hamjui kulima, mnajua kuokota," nilimjibu.

Akacheka, akampa mdogo wangu mkono wenye unga. "Msomi! Memsahibu amesikia umekuja. Kila siku anamsumbua mzee wako, mwanao yuko wapi, mwanao yuko wapi. Anataka aje ale naye Alhamisi."

"Ale na nani?" niliuliza.

"Na Memsahibu. Mezani. Na mimi ndiye nitakayempikia, na baba yake ndiye atakayempelekea. Dunia imepinduka, dada yangu, shikilia kanga yako."

Memsahibu huyo, bibi wa Kizungu, ndiye aliyekuwa na hoteli. Hakuwa mtu mbaya. Alijivunia kwamba mtoto wa boi wake yuko chuo kikuu, akawasimulia wageni kama mtu anavyosimulia juu ya farasi wake. Mdogo wangu alitaka kukataa. Lakini kukataa kungekuwa kumwaibisha baba kwenye kazi yake, na sababu asingeweza kuitoa. Mimi nami sikuwa nimemwambia baba chochote. Nilijiambia nitamwambia Jumapili.

Alhamisi nilipeleka mboga ingawa haikuwa siku yangu. Mdogo wangu hakukaribishwa ukumbini walikokula wageni. Meza iliandikwa barazani, mbele ya maua, pembeni kidogo. Nilisimama jikoni nyuma ya mlango wenye wavu. Mpishi aliniona, kwa mara ya kwanza hakunitania, akanisogezea kigoda. Sikukaa.

Walikuwa watatu: Memsahibu, Mzungu mmoja mzee mstaafu ambaye alikuwa kiziwi kidogo, na mdogo wangu katika shati nililolipiga pasi asubuhi ile. Baba alitoka na bakuli la supu. Alitembea kama alivyotembea siku zote, bila haraka, mgongo umenyooka. Alipofika upande wa kushoto wa mwanawe, mwanawe akasimama.

Ilibidi asimame. Kwetu mtoto hakai baba akiwa amesimama, na baba hamletei mtoto chakula isipokuwa mtoto ni mgonjwa. Memsahibu akasema, "Kaa, kaa," kwa Kiswahili chake. Mdogo wangu hakukaa. Yule Mzungu mzee akageuza kichwa. Kwenye madirisha ya ukumbi watu walianza kutazama.

Baba alihamishia bakuli mkono wa kushoto. Akaweka wa kulia begani kwa mdogo wangu. Sikuwahi kumwona akimgusa mtu yeyote kazini. Akasema kwa Kishambaa, taratibu, kwa sauti ambayo mimi niliisikia kwa sababu niliijua: "Kaa, baba. Supu inapoa."

Akakaa.

Walipofika kwenye samaki niliona jambo lingine. Mdogo wangu alikuwa amechanganyikiwa, mkono wake ukaelea juu ya vyombo kana kwamba hakuwahi kufundishwa. Baba alipokuwa akiweka sahani, kidole gumba chake kiligusa kitambaa cha meza, kando kidogo ya kisu cha samaki, kikaondoka. Ilikuwa kama mtu anayefuta chembe ya mkate. Mdogo wangu akachukua kisu kile.

Nilikuwa nimeipiga pasi kanzu ya mkono ule kwa miaka, na sikujua kwamba mkono wenyewe unaweza kusema.

Baadaye Memsahibu aliuliza kitu kwa Kiingereza. Mdogo wangu alifikiri kwanza. Baba alikuwa nyuma yake, akingoja. Mwanawe alipojibu, alijibu kwa maneno machache, na uso wa Memsahibu ukabadilika. Baba akasogea, akaondoa sahani ya Memsahibu, kisha ya yule mzee, kisha ya mwanawe, kila moja upande wa kulia. Hazikugongana.

Memsahibu alimpa baba ruhusa jioni ile alale nyumbani. Tulipanda mlima watatu, baba mbele na kofia yake mkononi. Tulipofika kwenye jiwe la kona akakaa, akapumua.

"Alikuuliza kama unapapenda chuoni," baba alisema.

"Ndiyo, tate."

"Ukamwambia hurudi."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. "Ulisikia, tate?"

"Miaka yote nimesimama nyuma ya viti vyao. Unadhani masikio nayaacha mlangoni?"

Basi mdogo wangu akamweleza yote, amesimama, macho chini. Alipofika kwenye sahani ya yule kijana, baba alifumba macho. Aliona kosa lake mwenyewe, nadhani, na lilimuuma. Chini yetu moshi wa jioni ulikuwa umeanza kutoka kwenye nyumba za bondeni.

"Alikuja Bwana Shauri mpya, Mzungu wa bomani, mwaka ule wa mvua nyingi," baba alianza, kama anaanza habari nyingine kabisa. "Kijana, ngozi bado nyekundu ya jua la melini. Wakamkaribisha chakula cha jioni, wakubwa wote wapo. Nikamwona anatazama vyombo hivi, kama wewe leo. Anatazama wenzake wanachukua kipi, lakini wamekaa mbali, taa ni hafifu. Halafu akanitazama mimi. Mimi! Nikaweka kidole. Akachukua. Kila chakula alikitazama kidole changu mpaka mwisho. Siku moja aliponikuta peke yangu akaniambia baba yake kule kwao ni kinyozi."

"Na baadaye?" mdogo wangu aliuliza.

"Baadaye tukiwa wawili alinisalimu vizuri."

"Na wakiwapo watu?"

"Wakiwapo watu aliniita boi kama wengine. Sikudanganyi. Lakini nimewahudumia wengi, na nakwambia, wanaokaa pale kama wamezaliwa na kiti ni wachache. Waliobaki wanatafuta wa kumtazama."

"Mimi siogopi uma, tate. Nikikaa, nakuona wewe umesimama. Siwezi."

"Na ukirudi hapa," baba alisema, "mimi nitakaa?"

Mdogo wangu akatazama moshi wa bondeni.

"Kesho asubuhi na mapema nitakuwa nimesimama. Uwe karani, uwe mwalimu, uwe Uganda, nitakuwa nimesimama. Tofauti ni moja tu, kama kusimama huko kumempatia mtu wangu kiti au kumekwenda bure." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama? Alikwambia kabla yangu, naliona usoni mwako. Unasemaje?"

Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo. Ningesema amekonda, ningesema misheni wanatafuta mwalimu, na yote yangekuwa kweli. Baba alikuwa ananisikiliza kuliko watu wengine walivyojua. Mdogo wangu alinitazama, akijua niliahidi kumsemea.

Nilikifikiria kile kidole gumba. Nilifikiri kwamba baba alikuwa na elimu nzima ndani ya mkono wake, na kwa miaka yote ile aliwagawia watoto wa vinyozi wa Ulaya kwa sababu hakukuwa na mtu wake mezani. Leo alikuwapo. Na furaha yangu ya kwenye kapu la plamu nikaiona ilivyo.

"Arudi chuoni," nilisema.

Mdogo wangu aliniangalia kama mtu aliyesukumwa. "Dada."

"Arudi, tate. Ni mimi niliyeacha shule. Mmoja anatosha."

Sauti yangu ilitoka vibaya, na si maneno ya wema kama yanavyosomeka. Yalikuwa na uchungu ndani yake. Lakini yalikuwa ya kweli, na baba aliyachukua. Alisimama, akavaa kofia yake, ile yenye picha. "Msimzomee dada yenu hata siku moja," alisema, ingawa pale alikuwapo mmoja tu wa kuambiwa. Tukapanda.

Alirudi. Baba hakuweza kufika Mombo, nikamsindikiza peke yangu, na njia nzima hakuzungumza nami isipokuwa kuuliza kama nimechoka. Kwenye dirisha la treni akasema, "Umeniuza, dada." Akatabasamu kidogo aliposema, lakini alisema. Niliondoka stesheni kabla treni haijaondoka.

Barua ilikuja baada ya muda mrefu, na niliisoma kwa sauti Jumapili, baba akisikiliza. Aliandika kwamba yule mwana wa chifu alimwambia tena, boi, chumvi. Akampa chumvi, akamwambia kazi hiyo baba yetu anaifanya vizuri zaidi, na kwamba yuko Lushoto, anaitwa mzee fulani, na mwana wa chifu akifika huko ataletewa supu bila tone kumwagika. Aliandika kwamba wengine waliacha kumwita vile. Wengine hawakuacha. Aliandika pia kwamba baada ya chakula sasa anazunguka nyuma, kwenye jiko la chuo, anamwamkia yule mzee wa mvi huko ambako hakuna wa kumponza, na mzee humwekea ndizi. Ni pale jikoni, aliandika, anapopumua. Kisha anarudi ukumbini. Baba aliniambia nisome tena sehemu ya ndizi.

Hakuandika kwamba amezoea. Alimaliza chuo, akapata kazi, na nchi ilipokuwa yetu akapata kubwa zaidi. Baba alimwona ameketi na wakubwa kabla ya kufa, ingawa hakukubali kamwe kuketi naye kwenye meza yake. Alisema viti vya nyumba ile ni virefu. Mwaka jana, akiwa tayari mgonjwa, nilimuuliza mdogo wangu kama alikuja kuzoea. Alifikiri sana, kama alivyofikiri mbele ya Memsahibu.

"Hapana," alisema. "Ndiyo maana nanyanyuka na sahani, dada. Nikinyanyuka nazo, napata dakika moja ya jikoni."

Nilitaka kumwambia siku hiyo juu ya furaha yangu njiani. Sikumwambia. Alikuwa anakohoa, na nilijiambia nitamwambia kesho, kama nilivyojiambia nitamwambia baba Jumapili.

Juzi tulimaliza arobaini. Walikuja watoto wake na rafiki zake na magari, wakala uani, pale pale sanduku la plamu lilipokuwa. Walipomaliza, sahani zilibaki mbele yao. Waliendelea kuzungumza, na nikagundua kwamba ninangoja mtu anyanyuke. Watoto wake ni watu wazuri na wamekaa kwenye viti vizuri tangu kuzaliwa. Hakuna aliyenyanyuka.

Nikaenda mimi. Goti linanisumbua, kwa hiyo nilikwenda polepole. Nilipita nyuma ya kila mmoja, nikaziondoa upande wa kulia.